Watani wa Mpakani: Mpira, Redio na Majina ya Watu huko Kasumbalesa

Msomaji aliyepata kusafiri kwa lori kutoka Dar es Salaam mpaka Katanga ajua ya kuwa safari hiyo ina mambo mawili, kwenda na kungoja, na kungoja ndiko kurefu zaidi. Lori lapita Tunduma, laikata nchi ya Zambia siku kwa siku mpaka kwenye Ukanda wa Shaba, laupita mji wa Chililabombwe, kisha lasimama. Hapo limefika Kasumbalesa. Upande huu ni Zambia, upande ule ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Lubumbashi yenyewe haiko mbali, haifiki kilomita 100. Lakini mbele yako yamesimama malori mengine, na mbele ya hayo mengine tena. Yaingiayo yamebeba mashine, saruji, unga na mafuta. Yatokayo yamebeba shaba na kobalti. Dereva huzima mota, hutandika mkeka chini ya tela, na utingo wake hupuliza jiko la mkaa. Halafu huwasha redio.

Tumeketi kwenye mikeka ya namna hiyo, na jambo la kwanza tulilojifunza pale ni habari ya chakula. Sufuria ni moja na unga ni ule ule. Mtanzania auita ugali. Mzambia asemaye Kibemba auita ubwali. Mwenyeji wa Katanga auita bukari, na kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi atakuambia ya kuwa batu bote banajua hivyo. Visamaki vikavu vilivyo kando ya ugali huo wamoja huviita dagaa, wengine kapenta. Kila mmoja husema jina lake ndilo la kweli, na ubishi huo huendelea mpaka sufuria imekwisha. Ndipo mtu mmoja huiongeza sauti ya redio, na ubishi huhamia kwenye mpira.

Kwa kawaida Mkongo ndiye aanzaye, kwa maana ana hoja ya zamani. Mwezi wa Machi 1974, huko Cairo, Zaire (ndilo jina la Kongo la siku zile) ilikutana na Zambia katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Tarehe 12 walitoka sare, mabao 2 kwa 2, ikawabidi warudiane siku mbili baadaye. Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mabao yote manne ya Zaire katika michezo hiyo miwili yalitiwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Yeye alimaliza mashindano akiwa na mabao 9, na mpaka leo hajatokea mwingine wa kuifikia hesabu hiyo katika kombe moja. Mkongo huyataja mabao hayo polepole, kama mtu ahesabuye fedha mbele ya mdeni wake.

Mzambia humwacha amalize. Kisha husema neno moja tu: Libreville. Tarehe 12 Februari 2012, katika mji huo wa Gabon, Zambia iliipokonya Kodivaa kombe lile lile. Mchezo ulikwisha bila bao, wakaenda kwenye penalti, na Zambia ikashinda 8 kwa 7. Penalti ya mwisho ilipigwa na Stoppila Sunzu. Basi, Mzambia hufikiri amemaliza kesi. Kumbe ameifungua, maana Mkongo huruka kutoka mkekani na kuuliza: Je, Sunzu siku zile alikuwa akichezea timu gani? Alikuwa akichezea Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi! Kwa hiyo kombe hilo, kwa hesabu ya Mkongo, ni la Katanga, nanyi Wazambia mmeazimwa tu. Lakini Mzambia naye si mtu wa kukamatwa kwa urahisi. Hukumbusha ya kuwa muda mfupi kabla ya Sunzu penalti nyingine ilikoswa, na aliyeikosa ni Rainford Kalaba, naye pia alikuwa wa Mazembe. Basi tugawane, husema: aliyekosa mchukueni ninyi, aliyetia tuachieni sisi.

Mtanzania alikuwa akinywa chai. Yeye hana kombe la kutaja, na wenziwe wajua. Lakini ana jina moja, nalo ni Mbwana Samatta. Mwaka 2011 Simba ya Dar es Salaam ilikutana na Mazembe katika mashindano ya klabu bingwa za Afrika, ikafungwa kwao na ikafungwa ugenini. Hata hivyo Simba ilipeleka mashtaka ya kuwa Mazembe ilimchezesha mtu asiyeruhusiwa. Mashtaka yakakubaliwa, na Mazembe, waliokuwa mabingwa, wakatolewa. Mwaka ule ule Mazembe walimchukua Samatta kutoka Simba. Thomas Ulimwengu, Mtanzania mwingine, naye akajiunga nao. Miaka minne baadaye, tarehe 31 Oktoba 2015, Mazembe walicheza fainali ya kwanza huko Algiers dhidi ya USM Alger wakashinda 2 kwa 1. Bao moja lilitiwa na Kalaba, Mzambia. La pili na Samatta, Mtanzania. Mkongo, husema watani wake, kazi yake siku ile ilikuwa kupiga makofi.

Katika marudiano ya Lubumbashi Mazembe walishinda tena, 2 kwa 0, wakalitwaa kombe. Mwezi wa Januari 2016, huko Abuja, Samatta alitangazwa kuwa mchezaji bora wa Afrika miongoni mwa wale wachezao barani humu. Wa pili wake alikuwa nani? Kipa wa timu yake mwenyewe, Robert Kidiaba. Hapo Mtanzania huweka kikombe chini, akainuka akanyosha mikono, kama kwamba yeye ndiye aliyepewa zawadi.

Utani huu hauna mwisho, kwa sababu kila jibu lina jibu. Mkongo humtajia Mtanzania Aprili 2019, Simba ilipofungwa Lubumbashi 4 kwa 1. Mtanzania, akiwa ni wa Yanga, hucheka naye kwa furaha, maana kufungwa kwa Simba kwake ni habari njema. Halafu hutoa ya kwake ya mwaka 2023, Yanga ilipoishinda Mazembe 3 kwa 1 Dar es Salaam, kisha ikamfuata kwake Lubumbashi ikamshinda tena 1 kwa 0. Mkongo huwakejeli ya kuwa ushindi wao wa 2011 ulikuwa wa makaratasi. Hujibiwa ya kuwa hata kombe la kwanza la Afrika la Mazembe, la mwaka 1967, lilikuwa la makaratasi: walitoka sare mara mbili na Asante Kotoko ya Ghana, ikaamriwa wakutane mara ya tatu huko Yaoundé, Kotoko hawakutokea, kombe likatolewa. Sisi tuliokuwa tukisikiliza tulistaajabu jinsi watu waliokosa usingizi siku tatu wanavyokumbuka tarehe kuliko mwalimu wa historia.

Ilimu hiyo yote hutoka redioni. Pale mpakani mawimbi hayaombi pasipoti. Kutoka kusini huja sauti za Redio ya Taifa ya Zambia, kwa Kiingereza na kwa Kibemba. Kutoka kaskazini huja stesheni za Lubumbashi, na Radio Okapi, ambayo ilianzishwa mwaka 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle la Uswisi, nayo husema Kifaransa na lugha nne za Kongo, Kiswahili kikiwa mojawapo. Madereva wa Tanzania huzisikiliza stesheni za kwao kwa simu zao za mkononi. Mwezi wa Agosti 2024, Zambia ilipoyafunga malango yake kwa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa bia na vinywaji baridi, hata gunia moja la unga halikupita. Lakini matokeo ya mpira yalipita.

Kwa miaka mingi sauti ya mpira wa Zambia ilikuwa ya mtu mmoja, Dennis Liwewe, aliyefariki mwezi wa Aprili 2014. Alitangaza kwa Kiingereza. Hata hivyo mtu asiyejua neno la Kiingereza alielewa, maana bao lilipoingia Liwewe aliivuta sauti yake mpaka mama aliyekuwa kisimani alijua kumetokea nini. Kazi yake ilikuwa kueleza mchezo kwa watu wasiouona.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mchezo ukiisha, watangazaji wawili au watatu huketi saa nzima wakitaniana: nani amenyoa namna gani, nani ametajwa katika wimbo gani, nani amenunua gari kabla ya kununua kitanda, nani ashangiliaye bao kwa mchezo gani wa ngoma. Fiston Mayele, Mkongo, alipokuwa Yanga alikuwa akitia bao na kuutetemesha mwili wote, na watoto wa shule kila kijiji wakaiga, mpaka kutetema kukawa sehemu ya mpira kama kona na penalti. Wazee hunung'unika wasikiapo mazungumzo hayo. Husema ni upuuzi, redio ingefundisha kilimo. Twakiri ya kuwa sisi wenyewe tulikuwa miongoni mwa hao wanung'unikaji, mpaka tulipoketi mkekani pale Kasumbalesa.

Sifa za redioni si jambo jipya katika Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyezunguka Afrika akinasa muziki, alimkuta kijana mmoja mwenye gitaa barabarani huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda, wa Wabayeke, mwenye jina la mtakatifu wa Wasalesiani. Wimbo wake uitwao Masanga ulichukuliwa na sahani za santuri na redio ukafika mbali kuliko yeye. Baadaye alikaa Nairobi akiwa na kipindi chake redioni, na wapiga gitaa wengi wa Kenya walijifunza kwa kumsikiliza tu. Alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya gari nchini Zambia. Walioujua wimbo wake bila kuujua uso wake walikuwa wengi mno.

Na Mazembe yenyewe, ambayo jina lake hutajwa pale mpakani kuliko jina la waziri yeyote, ilizaliwa wapi? Pengine baadhi ya wasomaji wetu hawajui. Ilizaliwa misioni. Mwaka 1939 Mapadre Wabenediktini waliokuwa wakiongoza shule ya Mtakatifu Bonifasi huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, waliona ya kuwa wavulana wasiokusudia upadre wahitaji mchezo wa kuwashughulisha. Wakaunda timu, wakaipa jina la Mtakatifu Joji, msimamizi wa Maskauti. Baadaye ikaitwa Mtakatifu Paulo. Kisha watu wa nje ya shule wakaingia, mapadre wakaiacha, na timu ikachukua jina la Englebert, ambalo lilikuwa jina la matairi ya Kibelgiji. Mwaka 1966, baada ya kushinda kila walipokwenda, wakajiongezea jina la Tout Puissant, maana yake Mwenye Nguvu Zote, cheo ambacho katekista yeyote angewaambia kina Mwenyewe.

Mji ule una timu nyingine kubwa, nayo ni ya mwaka ule ule wa 1939, ya watu wa reli: Saint-Éloi Lupopo. Mtakatifu Eloi ni msimamizi wa wahunzi na mafundi wa vyuma, na wenye Lupopo hawajamwacha mpaka leo. Kama sisi tungalikuwa wa Lupopo, tusingalichoka kuwaambia wa Mazembe: Ninyi mlikuwa na watakatifu wawili, mkawabadili kwa tairi.

Kidiaba ndiye tuliyemsikia akitajwa zaidi ya wote. Mtu huyu, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1976, alikuwa kipa hodari, lakini dunia yamkumbuka kwa jambo jingine. Timu yake ilipotia bao yeye aliketi chini, miguu mbele, akaanza kuruka kwa makalio kiwanjani, juu na chini, kama mpira uliodondoka. Mwezi wa Desemba 2010, huko Abu Dhabi, katika Kombe la Dunia la klabu, Mazembe waliwashinda Pachuca wa Meksiko 1 kwa 0, kisha Internacional wa Brazili 2 kwa 0, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe hilo. Kwenye fainali Inter ya Milan iliwafunga 3 kwa 0. Lakini mulizeni mtoto wa Lubumbashi aliyekuwa hai siku zile: atakuambia habari za Kidiaba akiruka mbele ya Wabrazili. Watu walicheka dunia nzima, na Kidiaba alicheka pamoja nao, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeamua kuchekesha, saa aliyoipenda, akiwa ameshinda.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa ule utani wa mkekani. Wabemba wana desturi iitwayo bunungwe. Kila ukoo una ukoo mwingine wa kutaniana nao. Watu wa ukoo wa Chui hutaniana na watu wa ukoo wa Mbuzi, kwa sababu chui hula mbuzi. Watu wa Uyoga hutaniana na watu wa Kichuguu, kwa sababu uyoga huota kichuguuni. Watu wa ukoo wa Chuma hutaniana na koo zote zenye majina ya wanyama, maana mkuki ni chuma. Mtani hukutukana hadharani, huchukua kitu chako, nawe huruhusiwi kukasirika. Bibi Audrey Richards, Mwingereza aliyekaa kwa Wabemba katika miaka ya 1930, aliandika habari hizo kwa urefu. Tena desturi hiyo haiishi kwenye matusi. Kukiwa na msiba, watani ndio washughulikao na maziko. Sisi wa Tanzania twalijua jambo hili bila kufundishwa. Msibani kwetu nani afanyaye vituko wakati wenyewe walia, na nani ashikaye jembe? Mwenye haki ya kukucheka ndiye mwenye wajibu wa kukuzika.

Kwa hiyo utani wa mpakani una mahali usipofika. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege ya jeshi la Zambia iliyokuwa ikiwapeleka wachezaji wa timu ya taifa huko Dakar ilianguka baharini karibu na Libreville. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa, 18 kati yao wachezaji, pamoja na kocha wao Godfrey Chitalu. Kalusha Bwalya alipona kwa sababu alikuwa akicheza Uholanzi na hakuwamo ndegeni. Miaka 19 baadaye, penalti ya Sunzu iliingia katika mji ule ule wa Libreville. Tumemsikia Mkongo akimtania Mzambia juu ya 1974 usiku kucha. Juu ya 1993 hatujamsikia hata mmoja. Redio ikitaja mwaka huo, sufuria hushushwa polepole, na mtu husema neno moja la pole kwa Kibemba au Kiswahili, basi.

Tofauti na hayo ni habari ya Mwepu Ilunga, nasi tungependa msomaji aisome kwa makini. Zaire, baada ya kutwaa kombe lile la Cairo, ilikwenda Ujerumani ya Magharibi mwezi wa Juni 1974, timu ya kwanza ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Walifungwa na Uskoti 2 kwa 0. Walifungwa na Yugoslavia 9 kwa 0, na katika mchezo huo refa alimtoa nje Ndaye Mulamba kwa kosa la teke ambalo si yeye aliyelitenda. Tarehe 22 Juni, mjini Gelsenkirchen, wakakutana na Brazili. Mchezo ulipokaribia kwisha, Wabrazili wakapewa mpira wa kupiga huru. Wazaire wakapanga ukuta. Refa akapuliza filimbi. Kabla Mbrazili yeyote hajaugusa mpira, mtu mmoja alichomoka ukutani mbio akaupiga mbali kabisa. Refa akamwonyesha kadi ya njano. Wabrazili wakashangaa, watazamaji wakacheka.

Kicheko hicho hakikuisha. Picha ile ilirudiwa mwaka kwa mwaka katika televisheni za Ulaya, na watangazaji wakawaambia watu: Tazama Waafrika hawa, hata sheria ya mchezo hawaijui. Wengi waliomcheka hawakulijua jina lake. Sasa, mtu huyo alikuwa nani? Alikuwa mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1949, beki wa Mazembe, bingwa wa Afrika tangu miezi mitatu. Je, mtu wa namna hiyo angeweza kutoijua sheria aijuayo mtoto wa darasa la tatu? Mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye ya kuwa alifanya kwa makusudi. Malipo yao hayakuwafikia, na wale waliotazamia kufaidi fedha hizo walikuwa wameketi jukwaani wakitazama. Tena alisema ya kuwa baada ya yale mabao 9 watu wa Rais Mobutu waliwajia wachezaji na kuwaonya: wakifungwa na Brazili 4 au zaidi, wasifikiri kurudi nyumbani. Mchezo ulikwisha 3 kwa 0. Msomaji na afikiri mwenyewe ni kitu gani kilichokuwa moyoni mwa mtu yule alipokuwa akikimbia kutoka ukutani.

Mwepu alikufa Kinshasa mwezi wa Mei 2015. Kwa muda wa miaka 40 alikuwa mtu mashuhuri wa kuchekwa na watu ambao wasingekuja kumzika.

Na yule Ndaye mwenye mabao 9? Waliporudi kutoka Cairo kila mchezaji alipewa na Mobutu nyumba na gari. Mwaka 1994 Ndaye aliitwa Tunis kupewa heshima kwa ajili ya kazi yake. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimwingilia wakidhani amekuja na fedha. Wakampiga risasi mguuni, na mwanawe akauawa. Akakimbilia Afrika ya Kusini. Mwaka 1998, Kombe la Mataifa lilipochezwa Burkina Faso, habari zilifika ya kuwa Ndaye amekufa mgodini huko Angola. Kiwanja kizima kikasimama kimya dakika moja kwa ajili yake. Kumbe yeye yu hai, yuko Cape Town, analinda magari ya watu kwenye maegesho. Alikufa kweli mwezi wa Januari 2019, huko Johannesburg.

Tuliisikia habari hiyo ya dakika moja kutoka redioni, usiku, chini ya tela. Mtangazaji aliisimulia kama mzaha: marehemu aliyekosa kuhudhuria maziko yake. Alikuwa na haki ya kucheka kidogo, maana alikuwa Mkongo na alimtaja Ndaye kwa jina lake lote, na baada ya kucheka aliyataja mabao yale moja moja, mpaka la tisa. Mzambia aliyekuwa karibu nasi, ambaye taifa lake ndilo lililotiwa manne kati ya hayo, alikuwa akihesabu naye kwa vidole. Alipofika tisa alisema kwa Kibemba maneno ambayo hatukuyaelewa vizuri, nasi tulipouliza tukaambiwa ya kuwa amemwombea marehemu, kisha amemtukana kidogo.

Tulingoja siku mbili zaidi. Mkongo mbadili fedha alikuja kila asubuhi na kiti chake kidogo na mafungu yake ya faranga na kwacha, akaketi mahali pale pale, na ubishi ukaanzia ulipoachwa. Siku ya tatu, mchana, mstari ulisogea. Utingo alikunja mkeka haraka, akamwaga makaa, akarukia tela. Dereva wa Dar es Salaam aliwasha mota, akatoa kichwa dirishani, akamwita mbadili fedha kwa sauti kubwa: Elfu mbili kumi na moja! Makaratasi! Lori likaanza kwenda. Nyuma yake, katikati ya vumbi, mbadili fedha alikuwa amesimama juu ya kiti chake, ameinua vidole vinne mkono mmoja na kimoja mkono wa pili.